Njoo Mikono Mitupu

Kenyamonta,
Jumapili mchana

Nyangi, mama yangu,

Wewe umekwenda Mugumu kununua godoro na mabuti, na mimi nimebaki na mke wangu mdogo. Amelala. Amekunywa uji wake, akamalizia na wangu, akaniuliza mimi ni mume gani nisiye na sukari ndani ya nyumba, kisha usingizi ukampitia hapa mkekani karibu na miguu yangu. Binti yako ana miaka mitano tu, lakini mdomo ni ule ule wa bibi yake aliyemrithi jina. Kuna wakati nikisikia "Wegesa" linaitwa uani nageuka kumtafuta mama yako.

Kesho alfajiri gari linakupitia pale barabarani kukupeleka Kewanja, mgodini, ukaendeshe yale malori ambayo tairi lake moja linanizidi kimo. Nilikuwa nimepanga kukuaga kwa mdomo kama watu wengine. Lakini leo asubuhi, wewe ukiwa umeshaondoka, amekuja dalali wa mnadani anaswaga ndama jike, mweupe tumboni.

"Shikamoo mzee," akasema. "Huyu ni wa Nyangi. Kasema ni wa mtoto, mumfugie mpaka akue atoe maziwa."

Nikapokea kamba. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Wegesa akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni jua. Dalali akadhani nimefurahi kupita kiasi, akanipongeza kwa kuzaa.

Ndiyo sababu naandika. Haya mambo nikiyaanza kwa mdomo utasema, "Baba, tutaongea nikirudi," nami nitanyamaza, maana ndivyo tulivyozoeana. Nimechukua daftari langu la zamani la kazini, lile nililokuwa naandika gari gani limebadilishwa oili na lipi linadai bushi. Limebakiza kurasa nyingi. Ukilipata ndani ya begi lako, soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Sitakuambia ule nini wala uvae nini. Una miaka ishirini na sita, baridi ikija utajifunika. Kuhusu wanaume sina la kuongeza, baba yake Wegesa alitufundisha sisi sote alipotokomea. Ninalotaka kusema ni kuhusu jana jioni, uliposimama nyuma ya jiko unaongea na msimamizi wako kwenye simu. Nilikuwa nafunga ng'ombe, nikasikia.

"Ofu ya kwanza mimi sitoki, niandike tu," ulisema. "Na ya pili kama kuna mwenye shida, niweke mimi. Mimi nipo muda wote, bosi."

Ukacheka. Kisha ukaja kuniambia kwamba, ingawa kila baada ya wiki mbili mnapewa ofu ya kupumzika, miezi mitatu ya mwanzo hutakuja, lazima kwanza waone kwamba wewe ni mtu wa kazi, na nisiwe na wasiwasi kwa sababu maziwa ya mtoto umeshayapanga. Sikuelewa hayo maziwa ni yapi. Leo nimeelewa, na tangu asubuhi sijakaa sawa.

Nyangi, ile sauti nyuma ya jiko ilikuwa yangu. Maneno yangu, mpaka kile kicheko. Nimeogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa simba, na simba nimekutana nao mara nyingi nikiwa chini ya gari, miguu yangu ikiwa nje.

Ulikuwa na miaka mitatu nilipopata kazi ya umakenika kwenye kambi ya mahema kule mbugani. Kwenye ubao wa ratiba iliandikwa miezi miwili kazini, wiki mbili nyumbani. Wewe unakumbuka wiki mbili ngapi? Nilikuwa naziuza. Mwenzangu mmoja Mkurya wa Tarime aliwahi kuniuliza, "Mura, wewe kwako kuna nini, mbona hutaki kwenda?" Nikamjibu kwamba natafuta ada. Ni kweli ada nilitafuta, na mlisoma. Lakini hilo ni jibu la kuwapa watu. Wewe ni mwanangu, nitakupa lililobaki.

Pale kambini nilikuwa mtu. Jenereta likikohoa, wote wananitazama mimi. Meneja alikuwa na msemo wake: "Makenika, ukiondoka wewe hapa panasimama." Akisema hivyo nasikia raha mpaka kwenye nyayo. Halafu nafika nyumbani, nakuta mama yako ameshaamua shamba gani lilimwe, mbuzi yupi auzwe, nani apelekwe hospitali. Mimi najua kusikiliza springi iliyovunjika kwa sikio tu, lakini nilikuwa sijui mnapenda kula nini. Kazini kitu kikiharibika unafungua, unaona, unabadilisha. Nyumbani kitu kimeharibika na hakuna anayekuambia ni kipi, na kila mtu anakutazama kwa adabu. Nilikuwa nakaa siku nne tu, nishaanza kupigia simu kambini kuuliza kama pampu ya maji inafanya kazi. Nilikuwa naomba moyoni iwe imeharibika.

Siku moja, ulikuwa na miaka tisa hivi, nilifika ukaniletea maji ya kunawa, ukanipigia goti, ukaniletea chai kwenye kile kikombe chenye maua. Kikombe cha wageni. Padri ndiye aliyekuwa anakinywea. Mama yako alikiona, akataka kukubadilishia, halafu akaacha. Nikanywa. Ilikuwa chai nzuri.

Na kule hakukuwa mbali! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wanapochoma nyasi za mbugani, ule moshi mlikuwa mnauona hapa, na mimi nilikuwa naunusa kule. Mtu akiwa Ulaya ana la kujitetea. Mimi nilikuwa mwendo wa siku moja tu, na mwaka mzima unapita. Kewanja nako si mbali, ndiyo maana nakuogopea. Mtu akiwa karibu anajidanganya kwamba siku yoyote anaweza kuja, basi haji.

Sasa nikuambie habari ya ng'ombe.

Sisi watu wa huku, mtu akioa anapeleka ng'ombe. Akikosea mzee, ng'ombe. Akimuumiza mwenzake, wazee wanakaa, wanataja ng'ombe, na yanakwisha. Nimekulia humo. Basi nikaamini kwamba hata siku ya mtu inaweza kulipiwa hivyo hivyo. Kila nilipokosa siku yenu kubwa, nilituma hela kwa baba yako mdogo Magoiga, akanunua ng'ombe, nikamwambia ampe jina la ile siku. Mlidhani ni furaha. Watu wa hapa walikuwa wanacheka kusikia mama yako anaita "Mahafali, toka kwenye mahindi!" Mahafali ni siku uliyomaliza darasa la saba, ukaimba peke yako mbele ya watu. Sikuja. Kipaimara, yule mwenye pembe moja, ni siku askofu alipokuwekea mikono. Sikuja. Pasaka, Krismasi, na yule mkorofi aliyekuwa anaitwa Jumuiya, hao wote ni siku nilizokuwa chini ya gari. Zizi likajaa. Wapita njia walikuwa wanasimama kulitazama, wananisifu kwamba mwanamume yule anajali nyumba yake.

Yuko mmoja hana jina. Yule wa kahawia, ambaye sasa amezeeka. Uliwahi kuniuliza kwa nini, nikakuambia nilisahau.

Mama yako alipougua figo ulikuwa kidato cha tatu. Ulitoka shule ukaja kumuuguza. Jumatano ulinipigia, na maneno yako ninayo yote. "Baba, mama anasema uje. Anasema uje hata mikono mitupu." Nikakujibu ngoja niombe ruhusa. Miaka tisa umeamini kwamba ruhusa ilichelewa. Umewalaani wale wenye kambi mbele yangu, tukiwa hapa hapa uani, mimi nikaitikia kwa kichwa.

Ruhusa haikuchelewa. Nilipewa saa ile ile. Meneja alisimama akaniambia, "Nenda, Makenika, usisubiri kitu." Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa stendi ya Mugumu. Gari la kuja huku lilikuwa linaita abiria, kondakta ameshashika begi langu. Nikamwambia, "Lete begi. Nitaondoka kesho."

Kwa sababu kesho yake ilikuwa mnada.

Nilikuwa sijakanyaga hapa miezi saba. Nikawaza mke wangu yuko kitandani, ndugu zake wamejaa uani, halafu mimi nishuke garini na begi la nguo chafu? Aliposema mikono mitupu, mimi nilisikia aibu, sikusikia kwamba ananihitaji. Nikajiambia nikifika na ng'ombe wa maziwa watajua nilikuwa nahangaika, na yeye atakunywa maziwa, atapata nguvu. Nikalala gesti. Ijumaa nikazunguka mnadani nachagua, nakagua viwele, nabishana bei kama mtu mwenye muda. Nikampata yule wa kahawia na ndama wake. Ng'ombe hapandi basi. Nikaanza kutembea naye, na mwenye ndama anatembea mwendo wa ndama. Simu niliizima, maana niliogopa ungeuliza nimefika wapi.

Nililala njiani kwa watu. Jumamosi mchana nilipofika pale juu kwenye mawe, nikasikia vilio. Nikasema maskini, ni kwa nani tena huko? Nikaendelea kuswaga.

Magoiga alinijia mbio akachukua kamba mkononi mwangu. "Kaka, ulikuwa wapi?"

"Kazini," nikasema.

Akalia kama mtoto. "Ametutoka leo asubuhi. Tangu juzi kila gari likipita anauliza kama ni wewe."

Na wewe, siku ya matanga, uliwasimulia shangazi zako jinsi Alhamisi mchana gari la Mugumu lilivyosimama pale barabarani, ukatoka mbio bila viatu kuangalia kama nimeshuka. Nilikuwa nimekaa nyuma yenu. Gari lenyewe lilikuwa lile, Nyangi. Lile ambalo kondakta wake nilimnyang'anya begi langu. Ningeshuka ungenikuta, na mama yako alikuwa na akili zake zote, na tungekuwa naye siku mbili nzima.

Watu walinisifu matanga yote. Walisema kazi ilinibana, na bado sikuja bure. Nilikula sifa hizo pamoja na ugali. Siku ya nne baada ya kuzika nikarudi kambini, nikakuacha wewe na yule ng'ombe. Nilikuwa namkimbia ng'ombe huyo. Kila nilipomfikiria nilitamani afe, na hafi, anazaa kila mwaka.

Mwisho mgongo ukakataa. Niliondoka kambini siku ya Jumatatu, na kwa ujinga wangu Jumanne nikapiga simu kuuliza wanaendeleaje. Wakaniambia salama kabisa, wamefunga sola, jenereta hata halihitajiki sana. Hapakusimama kitu.

Usifikiri nakuzuia. Nenda. Kazi yako ni nzuri, na siku uliyofaulu ule mtihani wa mitambo nilitembea kijiji kizima nikijifanya natafuta mbuzi aliyepotea, ili tu watu waniulize habari zako. Dawa za Wegesa zinataka hela, kliniki yake ya Mugumu inataka nauli kila mwezi, na mimi sina mgongo wa kukusaidia. Hayo yote nayajua. Na kuyajua ndiko kunakonichanganya zaidi.

Lakini kuna jambo sikukuambia. Ulipokuwa kwenye mafunzo mwezi uliopita, ile siku nilipokuambia kwenye simu kwamba mtoto alisumbuliwa kidogo, haikuwa kidogo. Ule ugonjwa wake wa damu, siko seli, ulimkamata mchana, miguu na mgongo, akawa analia bila sauti. Nilimbeba nikimpeleka kituo cha afya. Unajua akiumwa anavyoshika sikio lako, analisugua mpaka anatulia. Akanyoosha mkono akashika la kwangu. Akalipapasa, akaliacha.

"Hili si la mama," akasema.

Hakulishika tena. Alishika kola ya shati langu njia nzima. Alipopona nilikuficha kwa sababu nilijua ungeacha mafunzo, na nilitaka ufaulu. Umeona? Hata sasa nimezeeka, bado naweka kazi mbele na mtoto nyuma. Nisamehe. Ugonjwa huu wa kwangu unaingia bila kubisha hodi.

Kwa hiyo sina hekima ya kukufundisha jinsi ya kugawa maisha, kazi ikae huku na nyumba huku. Mimi mwenyewe nilishindwa na sikujua nimeshindwa mpaka nilipoona watu wamebeba jeneza. Ninachokijua ni kimoja. Zile siku za mapumziko unazozigawa kwenye simu kwa kicheko, si zako. Zina mwenyewe. Mwenyewe amelala hapa mkekani, na nzi wanamtua usoni ninawafukuza kwa daftari hili hili.

Kila siku utakayopewa kutoka, toka. Hata kama kuna mwenzako anakubembeleza, hata kama bosi anakuambia bila wewe lori halitembei. Litatembea. Ninakuomba, Nyangi. Baba hapaswi kumpigia mwanawe magoti, lakini ningekuwa na magoti mazuri ningepiga. Sijui mtoto huyu tutakuwa naye miaka mingapi, wala mimi utaniona mpaka lini. Siwezi kubeba tena mzigo wa mtu anayeuliza kila gari likipita. Safari hii nitakufa kweli.

Ndama wako nimempeleka kwa Magoiga akae naye huko. Ndama hana kosa, ni mzuri, miguu imenyooka. Ila zizini kwangu haingii. Wakati namtoa langoni, Wegesa alikuwa anatufuata nyuma. Unajua huwa namsimulia majina ya ng'ombe, huyu Kipaimara, huyu Mahafali, na yeye ana akili kuliko nilivyodhani. Akamshika ndama mkia, akaniuliza:

"Babu, huyu ni wa siku gani?"

Nikamwambia atamuuliza mama yake.

Basi uje umjibu. Wiki mbili zikiisha, ofu yako ya kwanza, panda gari la kwanza linaloita abiria. Usipitie mnadani, usipitie dukani, usinunue hata sukari, huyu mke wangu atanivumilia. Ukiwa na nguo chafu njoo nazo. Lete masikio yako mawili tu, mtoto ayashike. Mimi na yeye tutakuwa tumesimama langoni, na nakuapia kwa mama yako aliyelala pale nyuma ya migomba, tukikuona unakuja na kamba mkononi hatutakufungulia.

Baba yako